Theluji ya Uhakika

Kila majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, maduka ya huku huyasogeza makoti mazito hadi nyuma kabisa, karibu na vyoo, na kuyapunguza bei. Ukipita hapo unapokelewa na harufu ya nailoni mpya, harufu ya kitu ambacho bado hakijavaliwa na mtu. Wengi hupita bila hata kuinusa. Mimi hunisimamisha. Juzi nilisimama katikati ya njia na toroli langu la mboga, mwanangu akinivuta mkono, nami nikawa tena mtoto wa miaka tisa au kumi, nimeinama ndani ya buti la gari la baba yangu, nimeshika koti la zambarau ambalo halikuwa la mtu yeyote wa nyumbani kwetu.

Tulikuwa tunaishi Sterling, Virginia, huku Amerika, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege hupita chini mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kupoozea katika mojawapo ya yale majengo makubwa yasiyo na madirisha, ambamo kompyuta za watu tusiowajua huunguruma mchana na usiku. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia. Hatukuwa watu wa likizo. Ninyi mliokulia huku katika nyumba kama yetu mnaelewa ninachosema: likizo ilikuwa kwenda kwa mama mdogo, mtaa wa Columbia Heights, kulala sebuleni kwake juu ya godoro la upepo, kula pilau, na kurudi Jumapili baada ya ibada. Safari ya kweli ilikuwa moja tu, ya Tanzania, na hiyo ilizungumzwa kila mwaka mpaka tukazoea kuizungumza bila kufungasha. Kwa hiyo Baba alipoweka kijiko chini jioni moja na kuuliza nani angependa kwenda kuteleza kwenye theluji, mdogo wangu Eliya, aliyekuwa darasa la kwanza, alisimama juu ya kiti kwa furaha. Mimi nilimtazama Mama.

Mama alikuwa anamwondolea Eliya miiba kwenye samaki. Mama yangu hakuwahi kusikia habari ya kwenda popote bila kuuliza tutalala wapi, tutakula nini na nani atamshikia zamu kazini. Safari hii hakuuliza kitu. Aliendelea na miiba, akiipanga pembeni mwa sahani kana kwamba kuna mtu angekuja kuikagua. Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Nilikuwa na sababu. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyeitwa Brooke, ambaye wazazi wake walikuwa wamempeleka baharini ghafla, wakamwachia ale aiskrimu asubuhi na alale saa anayotaka. Waliporudi walimkalisha kwenye kochi na kumwambia kwamba baba yake anahamia kwingine. Brooke alinisimulia habari hiyo wakati wa mapumziko, bila machozi, kama mtu anayempa mwenzake maelekezo ya njia. Alisema ukiona wazazi wanakupeleka mahali pazuri bila sababu yoyote, ujue kuna jambo. Nililiweka neno lile moyoni. Sikujua ningelihitaji mapema vile.

Baada ya jioni hiyo meza yetu ya chakula ikageuka kuwa ofisi ya milima. Baba alifungua kompyuta yake kila akitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu, akatazama picha za kamera ambazo wenye milima huziweka vileleni ili watu walio mbali waone theluji ilivyo. Alijifunza mambo ambayo sikujua kama mtu mzima huyajifunza. Alituambia kwamba mteremko unaotazama kaskazini hutunza theluji kuliko unaotazama kusini, kwamba urefu wa mlima haukusaidii kitu ikiwa mvua ya masika inaufikia, na kwamba zipo mashine zinazopuliza maji hewani wakati wa baridi kali yakaanguka yakiwa theluji. Milima ya West Virginia, ambako nusu ya darasa letu walikuwa wameshakwenda, aliikataa. Alisema kule theluji nyingi ni ya mashine, na ya mashine haihesabiki. Nilimuuliza haihesabiki kwa nani. Akanijibu tu kwamba anataka theluji iliyoanguka yenyewe kutoka mbinguni, na anaitaka ya uhakika.

Hilo neno, uhakika, alilisema sana majira yale. Alilisema kwenye simu na watu wa nyumba za wageni huko Vermont, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akiwauliza kama wana uhakika, na kama uhakika wao utafika mpaka Machi, na baadaye mpaka Aprili. Nilimsikia akiuliza kama ukikuta matope wanakurudishia chochote. Baba ambaye hununua gari kwa kulizunguka mara moja na kupiga teke gurudumu, sasa alikuwa anachagua mlima kama anayechagua hospitali.

Na tarehe zilikuwa hazitulii. Kwanza tulikuwa tunakwenda Februari, shule zikifungwa kidogo, kama watu wengine. Nikaanza kuwaambia wenzangu. Kisha Baba akapiga simu, akasogeza mpaka Machi. Nikawaambia wenzangu tena. Kisha akasogeza mpaka wiki ya Pasaka, na wenzangu wakaacha kuniamini.

Rafiki yake wa kanisani, Mkenya tuliyemwita Baba Wambui, alikuja Jumamosi moja kutuletea suruali za theluji za watoto wake zilizokwisha kuwabana. Huyo alikuwa amekwenda skii mara moja maishani mwake, akarudi na mkono kwenye plasta, na tangu hapo alikuwa mtaalamu wetu.

"Kwani mnaenda Pasaka?" alimuuliza Baba. "Hiyo time snow imeisha, bana. Watu huenda Februari."

"Nimetafuta mlima wa kaskazini kabisa," Baba alisema. "Tarehe si zangu."

Kisha akageuka, akaniona nimesimama mlangoni na zile suruali mikononi, akaanza kuzungumzia bei ya petroli. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Kama tarehe si za Baba, na si za Mama, na si za shule, zilikuwa za nani?

Nikaanza kuchunguza. Niligundua kwamba tarehe husogea baada ya Baba kuzungumza kwenye simu ndani ya gari. Asubuhi kabla ya shule alikuwa akishuka kulipasha moto gari, lakini gari likishapata moto yeye haji kutuita. Siku moja nilishuka nyuma yake, nimesahau mfuko wangu wa chakula kwenye kiti cha nyuma, nikamkuta ameshusha kioo kidogo, anazungumza Kichagga. Mama ni wa Iringa, na mimi na Eliya Kiswahili chenyewe tulikisikia tu na kukijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumbani kwetu Kichagga kilikuwa lugha ya Baba peke yake. Alikuwa anakizungumza na mama yake, bibi yetu wa Machame, na Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu hapo sikuwa nimekisikia tena. Nikasimama nyuma ya gari, moshi wa bomba ukinipiga miguuni, nikajiuliza ni nani mwingine duniani aliyebaki wa kuzungumza naye. Sikuelewa chochote isipokuwa jina moja lililorudi na kurudi. Aneth. Alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomtuliza mtoto, au anavyozungumza na mpenzi. Wakati ule sikujua tofauti ya hizo sauti mbili.

Haikupita muda, nilimsikia Mama akizungumza na mama mdogo. Alikuwa anakunja nguo, simu ameibana kwa bega, hakujua kwamba niko nyuma ya mlango wa bafu.

"Watoto hatujawaambia," alisema. "Tunasubiri mpaka iwe uhakika." Akasikiliza. Kisha akasema, "Sijui kama nitaweza. Nitajitahidi."

Nilipiga hesabu zangu za kitoto na zote zikajibu. Baba ana mwanamke anayeitwa Aneth. Mama anajua. Tutapelekwa mahali peupe pazuri, tutaruhusiwa kunywa chokoleti ya moto mpaka tushibe, na tukirudi tutakalishwa kwenye kochi.

Nikaamua kwamba theluji isipokuwepo, safari haitakuwepo, na safari isipokuwepo, habari yenyewe haitasemwa. Kila mchana nikitoka shule nilifungua kompyuta ya Baba na kutazama ule mlima wa Vermont aliokuwa ameuchagua. Chini ya nguzo moja ya vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani palikuwa na doa la udongo. Nililiombea doa lile likue. Lilikuwa linakua, polepole, kama chai inavyosambaa kwenye kitambaa cha meza, na mimi nikawa nakula vizuri na kulala vizuri. Halafu siku moja nikafungua nikakuta doa halipo. Nguzo ilikuwa imefunikwa nusu yake. Baba alipofika na kuona, alimbeba Eliya na kumzungusha jikoni mpaka viti vikaanguka. Mama alisimama kando ya jiko, akiwatazama, akatabasamu na kuacha kutabasamu.

Koti nililiona siku ileile au siku iliyofuata, sikumbuki vizuri. Baba alinituma nikachukue mfuko wa mchele kwenye buti. Nyuma ya mchele palikuwa na mfuko wa dukani, na ndani yake glavu, kofia ya sufu, na hilo koti la zambarau lenye lebo bado. Lilikuwa la kike, jembamba, refu mikononi. Mama yangu ana mabega mapana, lisingemwingia hata kwa kulazimisha. Mimi nililivaa palepale kwenye maegesho, mikono ikanipita vidole. Nilisimama ndani ya ile harufu ya nailoni nikamwona huyo Aneth waziwazi: mrefu, mwembamba, kijana kuliko Mama. Nikalivua, nikalikunja kama nilivyolikuta, nikapeleka mchele ndani.

Nilikaa nalo mpaka Jumapili. Jumapili mchana, baada ya kanisa, Mama alikuwa ananisuka. Nilikuwa nimekaa chini katikati ya magoti yake, Baba na Eliya wamekwenda kuosha gari. Ni rahisi kumuuliza mtu swali gumu usipomtazama usoni.

"Mama, Aneth ni nani?"

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu.

"Umelisikia wapi jina hilo?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, habari ya gari, Kichagga, simu ya mama mdogo, koti. Nilisema kwa Kiingereza, haraka, kama nilivyokuwa nikisema mambo yote mazito, na nilikuwa nasubiri alie au ainuke. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi kwenye ule msuko aliouachia katikati, akausuka mpaka ncha, akaufunga.

"Koti nimelichagua mimi," alisema. "Baba yako alitaka la kijivu."

Kisha akaniambia kwamba Aneth ni dada yetu. Baba alimpata akiwa kijana, kabla hajamjua Mama. Mama yake Aneth alikwenda kuolewa kwingine, na mtoto akalelewa na Bibi. Alikuwa ameshafikisha umri wa kumaliza sekondari, na tangu Bibi afariki alikuwa akihamishwa nyumba hii kwenda ile, kwa ndugu huyu mpaka kwa ndugu yule. Karatasi zake za kuja Amerika zilikuwa zimeshakubaliwa mara moja zikakwama, ndiyo maana sisi watoto hatukuambiwa. Hawakutaka tumsubiri mtu ambaye huenda asije.

"Mimi nilijua habari zake kabla wewe hujazaliwa," Mama alisema. "Nilimwambia baba yako, mtoto atunzwe, lakini nyumbani kwangu asiletwe. Bibi yenu alipofariki, nikawa kila nikikupakulia wewe chakula najiuliza yule anapakuliwa na nani. Nikachoka kujiuliza."

Nilimuuliza kama basi hawaachani. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, nilikisikia mgongoni tu. Nikamuuliza kwa nini alimwambia mama mdogo kwamba hajui kama ataweza. Nilidhani ataniambia kwamba nilisikia vibaya, kama watu wazima wanavyosema.

"Kwa sababu sijui," alisema. "Inamisha kichwa."

Jioni Baba alitueleza sehemu yake. Alisema alimuuliza Aneth akifika angependa kufanyiwa nini cha kwanza. Alitegemea angetaja simu, au nguo. Aneth alisema anataka kwenda kwenye theluji. Hakutaka kingine. Baba akamuuliza tena siku nyingine, akidhani ni aibu, na jibu likawa lilelile. Basi kila karatasi zilipochelewa, Baba aliusogeza mlima mbele, na kadiri alivyousogeza ndivyo theluji ilivyozidi kuwa ya mashaka, ndiyo sababu ya kamera na miteremko ya kaskazini na maswali yake yote. Alitueleza haya akiwa amefurahi, akiwa amepumua. Alifikiri sasa hatuna la kuficha wala la kushuku.

Lakini shaka ikishaota kwa mtoto haing'oki kwa maelezo. Ilihama tu, kutoka kwa Baba ikaenda kwa huyo dada. Sebuleni kwetu palikuwa na picha ya nyumba ya Bibi, na nyuma ya migomba yake ulionekana mlima Kibo wenyewe na weupe wake kichwani. Nilisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Mtu aliyeamka kila siku akaona theluji, anataka theluji ya nini? Nikafikia uamuzi kwamba ni mtego. Alichagua kitu kigumu kupatikana mwezi wa nne ili aone Baba atahangaika kiasi gani.

Tulimpokea uwanjani wote wanne. Alitoka na begi dogo mno kwa mtu anayehamia bara jingine, mrefu, mwembamba, na paji la uso la Baba limewekwa juu ya sura nyingine. Baba alimwendea kwa haraka, kisha akasimama kabla hajamfikia, kama aliyesahau kitu kwenye gari. Aneth alipiga goti kidogo, akasema shikamoo. Baba akaitikia marahaba. Mama ndiye aliyekuwa na lile koti mkononi. Alimwekea mabegani, akamfunga zipu mpaka kidevuni.

"Nje kuna upepo," alisema.

Alilala chumbani kwangu siku zile kabla ya safari. Nilimchunguza kama nilivyokuwa nimemchunguza Baba. Hakutoa nguo begini. Viatu aliviweka karibu na mto, vikielekea mlangoni. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Akipita Mama, aliinuka. Nilidhani anatuficha kitu, na haikunijia hata kidogo kwamba huenda yeye ndiye anayetushuku sisi.

Kingine ni kwamba Kiingereza changu hakukielewa. Alikijua cha shule, cha taratibu, lakini changu kilimpita kama maji. Kwa mara ya kwanza maishani nilihitaji Kiswahili cha kusema, na nilipokitafuta mdomoni nilikikuta hakina mpangilio. Nilimwambia viatu yake iko chini ya kitanda. Alinitazama bila kucheka, akasema polepole, "Viatu vyangu viko chini ya kitanda," kama anayekubali tu, akainama kuvichukua. Jioni moja aliniuliza kama mama yenu amekasirika. Alisema "mama yenu." Nilitafuta neno.

"Hapana," nilisema. "Anajitahidi."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na nadhani alielewa vizuri kuliko mimi niliyesema.

Safari ilikuwa ya kutwa nzima kwa gari. Tulipoondoka, nyasi za Virginia zilikuwa zimeshakuwa za kijani na watu wanazikata uani kwao. Tulivyopanda kaskazini majira yalirudi nyuma: miti ikavua majani, nyasi zikawa za kahawia, na hatimaye vikaanza kuonekana viraka vyeupe kwenye vivuli vya ghala za mashambani. Baba aliacha kuzungumza ili avitazame. Tulipokaribia mvua ikaanza, mvua ya kweli, ya matone makubwa, na Baba akashika usukani kwa mikono miwili. Mama alinyoosha mkono akazima redio. Tulifika kwenye ukungu, hatukuona mlima wala chochote zaidi ya taa ya mlango wa nyumba ya wageni, tukala mikate tuliyobeba na kulala.

Asubuhi Baba alikuwa dirishani kabla yetu sote. Mlima ulikuwepo. Kuanzia katikati kwenda juu ulikuwa mweupe kabisa, na miti yake imebeba theluji kwenye matawi, kwa sababu mvua iliyotunyeshea bondeni kule juu ilikuwa imeanguka ikiwa theluji. Lakini chini, mahali pa wanaojifunza, ilikuwa nzito na ya kijivu, imechanganyika na ya mashine, na pembeni yake matope.

Tulifundishwa na kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu kusimama, kuanguka, na kuinuka. Eliya alijua mara moja, kama watoto wadogo wanavyojua mambo. Mama alikataa kabisa kufungwa vibao miguuni, akakaa ndani nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Aneth alijifunza kwa utulivu, akaanguka kwa utulivu, na somo lilipokwisha alivua vibao, akavua na glavu moja, akachota theluji kiganjani. Sote tulikuwa tunamtazama. Aliishika mpaka ikawa maji na kuchuruzika kwenye mkono wa koti. Kisha akapangusa kiganja, akasema asante, akaenda kukaa kwenye benchi.

Baba alibaki amesimama. Nilimwona akiitazama theluji ile ya kijivu, akiigusa kwa ncha ya kibao, na nilijua anachofikiri: kwamba si nzuri ya kutosha, kwamba mtoto amesafiri nusu ya dunia akaletwa kwenye matope.

"Hii ya chini siyo," alisema. "Ngojeni nikaangalie kule juu kama ni yenyewe. Nikiona ni salama nitakuja kuwachukua."

Alikuwa amejifunza kwa asubuhi moja tu. Mama aligonga kioo, lakini alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha waya na kiti kimeshamnyanyua. Tulimwona akipanda, mgongo wake umenyooka, vibao vyake vinaning'inia, mpaka akaingia kwenye weupe akapotea.

Nilikaa benchi moja na Aneth. Nilikuwa nimechoka kushuku, maana kushuku kunachosha, kunamchosha hata mtoto. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu kibovu kwa nini alitaka theluji, wakati kwao ipo.

Alivaa tena ile glavu aliyoivua.

"Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Bibi, baba yuko wapi," alisema. "Akaniambia yuko Amerika. Nikamuuliza Amerika ni wapi. Akasema ni mbali, kuna baridi sana, kumejaa theluji. Sasa mimi, theluji niliyoijua ilikuwa moja tu."

Nilichelewa kuelewa. Aliona, akanisaidia.

"Nilidhani anaishi Kibo. Kule juu. Kila asubuhi mawingu yakifunguka nilikuwa natoka nje kutazama. Niliona watu wanapanda na kushuka, Wazungu, wapagazi, wanapita na mizigo yao. Nikawa najiuliza, wote hawa wanashuka, yeye kwa nini hashuki? Nikasema labda hataki."

Nilimuuliza alijua lini kwamba sivyo.

"Shuleni, tulipoonyeshwa ramani," alisema. "Lakini nilikuwa nimeshazoea kutazama."

Nilitazama mbele. Watu walikuwa wanashuka kwa kasi, wamevaa rangi kali, wanapinda kushoto na kulia kama wanaochora. Katikati yao, juu kabisa mahali weupe unapoanzia, alitokea mtu mmoja asiyeshuka kama wengine. Alikuwa anakuja upande upande, kibao kimoja baada ya kingine. Akateleza kidogo, akaanguka. Akakaa. Akainuka, akaja tena. Watoto wadogo wakampita pande zote mbili. Akaanguka tena, akashuka kipande kizima kwa makalio, fimbo zake zikabaki nyuma, akarudi kuzifuata kwa magoti.

Aneth alikuwa amesimama. Sikujua amesimama saa ngapi. Hakupunga mkono wala hakuita. Alikuwa anamtazama tu, na uso wake ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu afike, na ulikuwa mdogo, mdogo kuliko wangu. Nyuma yetu nilisikia mlango, Mama akatoka na kikombe chake cha chai, akaja kusimama upande wa pili wa Aneth, akatazama naye. Hakuna aliyemwambia Mama kitu. Akabadilisha kikombe mkono, akamshika Aneth bega.

Ilimchukua Baba muda mrefu sana kutufikia. Alipofika alikuwa na theluji kwenye shingo, masikioni na ndani ya mikono ya koti.

"Kule juu ni yenyewe kabisa," alisema akihema. "Ni nzuri sana. Samahani, mwanangu. Nimechelewa kushuka."

Aneth alipiga magoti mbele yake kwenye ile theluji ya kijivu, akaanza kuhangaika na vifungo vya vile vibao, ambavyo hakujua vinafunguliwaje.

"Haya," alisema bila kuinua kichwa. "Umeshafika."